Udongo wa matope wa Kamalondo: kwa nini wazee wetu walikaa pale

Utangulizi

Mwaka mumoja, katika darasa la nne la segondere, nilikuwa nikifundisha somo la jeografia juu ya udongo. Niliandika kwenye tablo sawa kitabu kilivyosema: udongo unaoshika maji, ule wa kandokando ya mito mikubwa na wa mabonde ya maziwa, ni udongo muzito, wa rangi ya majivu, usiofaa kwa kilimo cha kawaida. Wanafunzi wakaandika. Kisha mumoja wao, mutoto wa wazazi waliotoka upande wa Malemba-Nkulu, akanyoosha mukono na kuuliza: "Mwalimu, kama udongo ule hauna kazi, banababu zetu walikosa fasi ya kukauka, paka mu matope njo walikuja kukaa?"

Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, juu ya sikuwa na jibu. Nilikuwa na diplome ya ISP katika historia, na jeografia niliifundisha kila mwaka, lakini masomo hayo mawili yalikuwa ndani yangu sawa kaye mbili zisizofunguliwa pamoja. Katika kaye ya jeografia, bonde la Kamalondo lilikuwa bwawa. Katika kaye ya historia, fasi ileile ilikuwa chanzo cha ufalme wa Waluba. Makala haya ni jibu langu kwa mutoto yule. Limechelewa, lakini naliandika kwa ajili yetu wote tunaokula samaki wa Bukama bila kuuliza ametoka kwenye maji gani.

1. Fasi yenyewe

Bonde la Kamalondo, ambalo vitabu vingi vinaliita bonde la Upemba, liko leo katika jimbo la Haut-Lomami, moja ya majimbo mane yaliyozaliwa wakati Katanga ilipogawanywa mwaka 2015. Ni bonde la ufa: inchi ilishuka katikati, na pembeni ikabaki juu. Upande wa mashariki kuna milima ya Kibara. Mto Lualaba unaingia bondeni karibu na Bukama, na pale mwendo wake unabadilika. Kule juu ulikuwa unakimbia juu ya mawe, lakini bondeni inchi iko sawa meza, kwa hiyo mto unachoka, unajikunja, unatawanyika. Pembeni yake kuna maziwa mengi, makubwa na madogo, na yanayojulikana zaidi ni Upemba na Kisale. Mto Lufira nao unakuja kujiunga na Lualaba upande wa Kisale.

Mto unaokimbia unabeba kila kitu: mawe, muchanga, tope. Ukipunguza mwendo unaanza kuweka muzigo chini, na unaanza na ule muzito. Wakati wa mvua, Lualaba ikipanda na kutoka katika njia yake, muchanga unaanguka kwanza, palepale pembeni. Mwaka kwa mwaka muchanga ule unajenga mugongo mwembamba kandokando ya mto. Maji yanayopita nyuma ya mugongo yanabeba paka tope laini sana, na yakitulia, tope lile linashuka polepole sawa unga ndani ya maji. Katika maziwa ni vilevile: katikati, kwenye maji yasiyotikisika, chini kunajaa udongo laini wa mufinyanzi.

Basi bonde moja liko na udongo wa namna mbili, na hapa ndipo historia yetu inaanzia. Kuko migongo ya juu kidogo, yenye muchanga, ambayo maji yanapita na kuondoka. Kuko na mabonde ya nyuma, makubwa zaidi, yenye tope zito, ambapo maji yakiingia hayajui njia ya kutoka. Tofauti ya urefu kati ya hizi mbili mara nyingi haifiki kimo cha mutu. Lakini mutu aliyejenga nyumba kwenye mugongo analala, na aliyejenga nyuma anaamka maji yakiwa kitandani.

2. Udongo unaokosa pumzi

Udongo muzuri uko na pumzi. Kati ya chembe zake kuna matundu madogo yenye hewa, na mizizi ya mimea inapumua kwa njia ile. Udongo wa mufinyanzi uko na chembe ndogo sana zilizobanana. Maji yakiingia yanafukuza hewa na kukaa. Katika siku chache vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho vinamaliza oksijeni iliyobaki. Kisha vinaanza kutumia vitu vingine, na kimoja cha vitu hivyo ni kutu ya chuma.

Sote tunajua rangi ya udongo wa Katanga: mwekundu, unaochafua shati la munafunzi mbele ya saa mbili ya asubuhi. Wekundu ule ni kutu ya chuma. Udongo ukizama majini muda murefu, vidudu vile vinabadilisha kutu, na chuma kinayeyuka ndani ya maji. Wekundu unatoka, na udongo unabaki wa rangi ya majivu, mara nyingine wenye kuelekea bluu au kijani. Wataalamu wanauita glei. Wakati wa kiangazi maji yakishuka, hewa inapita tena kwenye matundu ya mizizi ya zamani, na pale chuma kinarudi kuwa kutu. Ndiyo maana ukichimba utaona udongo wa majivu wenye madoa na mistari ya rangi ya machungwa. Madoa yale ni alama ya maji: hata ukichimba katika mwezi wa Septemba, fasi ikiwa kavu, udongo unakuambia kwamba wakati wa mvua maji yanafika mpaka hapa.

Alama nyingine inajulikana na kila mutu aliyepita na mutumbwi kati ya mafunjo. Ukichoma tope na pondo, mapovu yanapanda, na harufu inakuwa sawa yai bovu. Majani, mizizi na mafunjo vinavyokufa majini haviozi kabisa, kwa kukosa hewa. Vinalundikana, vinakuwa tope jeusi laini, mara nyingine vinashika moto chini kwa chini kama fasi imekauka sana. Kuko pia udongo mweusi wa mufinyanzi ambao wakati wa mvua unavimba na kushika mguu, na wakati wa kiangazi unapasuka nyufa ambazo mukono unaweza kuingia.

Mwaka 1960 shirika la utafiti wa kilimo la wakoloni, INEAC, lilitoa karta ya udongo wa Congo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi. Kazi ile ilikuwa kubwa, na mpaka leo inasaidia. Lakini karta inaonyesha udongo paka sawa rangi juu ya karatasi. Haisemi nani alijifunza kuishi juu yake, na kwa muda gani.

3. Hekima ya kukaa juu ya tope

Wazee hawakuwa na neno glei. Lakini walijua kusoma udongo kwa rangi, kwa harufu na kwa majani yanayoota juu yake. Walijua kwamba muhogo ukipandwa nyuma ya mugongo unaoza, kwa sababu muzizi wake unataka hewa. Walijua kwamba mahindi yaliyokaa majini siku nyingi yanageuka manjano. Kwa hiyo nyumba, michikichi na mashamba ya kudumu viliwekwa juu ya migongo na juu ya vichuguu, na kule chini watu walishuka nyuma ya maji. Maji yakirudi, tope linabaki na unyevu, na mutu anapanda haraka mbele kiangazi hakijapasua udongo. Fasi zingine wanapiga matuta makubwa ili muzizi ukae juu na maji yapite chini. Tena tope lile linalopasuka linakuwa jipya kila mwaka, kwa sababu mto unaleta mengine kutoka milimani. Shamba la juu, kwenye udongo mwekundu, linachoka kisha miaka michache. Shamba la bondeni mto wenyewe unalilisha.

Lakini utajiri mukubwa ulikuwa samaki. Maji yanapofunika bonde, samaki wanaingia kati ya majani kuzaa na kula. Yanaporudi, wanapita kwenye mifereji myembamba, na pale wanangojewa na mitego. Bwawa lisilofaa kwa kilimo lilikuwa gala lisilofungwa. Na samaki aliyekaushwa anaweza kusafiri mbali.

Na kuko watu waliokaa hata pasipo udongo kabisa. Katika ziwa Kisale mafunjo na mizizi yake hujifunga pamoja na kuwa visiwa vinavyoelea, na wavuvi wanajenga vibanda juu yake. Muingereza Verney Lovett Cameron, aliyepita inchi ya Waluba miaka ya 1874 na 1875 na kukaa muda murefu karibu na mufalme Kasongo Kalombo, alisikia habari za watu wa visiwa vile. Katika ziwa dogo la Mohrya aliona nyumba zilizosimamishwa juu ya miti katikati ya maji. Mwenyeji wake mumoja katika inchi ile alikuwa Juma Merikani, mufanyabiashara wa pwani. Kwa njia ya watu sawa yeye Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufika kwetu. Cameron aliita majani yale yanayoelea tingi-tingi, neno ambalo wengi wetu tunalijua bila kujua kwamba liko katika kitabu chake.

4. Makaburi ya Sanga

Sasa tufungue kaye ya pili. Mwaka 1957 Jacques Nenquin alichimba pale Sanga, kando ya ziwa Kisale, na mwaka 1958 Jean Hiernaux akaendelea. Miaka ya 1974 na 1975 Pierre de Maret alirudi Sanga na kuchimba fasi zingine za bonde, kati yazo Kamilamba, Katongo, Kikulu na Malemba-Nkulu. Walikuta makaburi zaidi ya mia, na ndani yake vyungu, mikufu na bangili za shaba, majembe na visu vya chuma, ndoana na vyusa vya kuvulia samaki.

Wataalamu waliweka vitu hivyo kwa mufululizo wa nyakati. Wa kwanza wanauita Kamilambien, karne ya 5 mpaka ya 7. Unafuata Kisalien, uliopewa jina la ziwa Kisale: wa zamani, karne ya 8 mpaka ya 10, na wa klasiki, mpaka karne ya 13. Kisha unakuja Kabambien, mpaka karibu karne ya 18. Kisha ya pale tunafika kwa Waluba wa leo bila kukuta mukatiko mukubwa. Fasi chache sana katika Afrika ya kati zinaonyesha watu waliokaa palepale kwa zaidi ya miaka elfu moja, na ushahidi ukifuatana hivi.

Kwa nini palepale? Jibu liko katika udongo. Katika inchi ya juu, shamba likichoka kijiji kinahama, na kisha miaka 20 majani yamefunika kila kitu. Katika bonde fasi za kukauka ni chache. Aliyekaa juu ya mugongo hana kwa kuhamia. Anajenga juu ya baba yake, na muzukuu atajenga juu yake. Mpaka leo vijiji vingine viko juu ya makaburi yaleyale. Tope lililotunyima nafasi ndilo lililotukusanya.

Katika makaburi ya Kisalien kuna jambo linalonigusa kila mara ninapolifundisha. Watoto walizikwa na vyungu vidogo, na ukubwa wa vyungu uliendana na umri wa marehemu. Mutu alikaa akafinyanga chungu kidogo, kisichoweza kupika bukari ya mutu mumoja, kwa ajili ya mutoto asiyekula tena. Na udongo alioufinyanga ni wa bonde, ule tulioandika kwenye tablo kwamba haufai.

5. Tope na utawala

Makaburi hayakuwa sawa. Mengine yalikuwa na chungu kimoja, mengine na vyungu vingi na shaba nyingi. Pale Kamilamba, katika kaburi mumoja la Kisalien ya zamani, mutu alizikwa na fuawe ya chuma pamoja na shoka la heshima lenye mupini uliopambwa na misumari. Mutu anayejua mila za Waluba hahitaji kuelezwa. Shoka na fuawe ni alama za ukubwa, na masimulizi ya kifalme, yanayotaja Nkongolo, Mbidi Kiluwe na Kalala Ilunga, hayatenganishi utawala na kazi ya chuma. Hivyo alama za utawala zilikuwa bondeni karne nyingi mbele ya ufalme wenyewe kukomaa.

Shaba nayo inasema. Bondeni hakuna shaba; ilitoka kusini, upande wa inchi ya migodi ya leo. Wakati wa Kabambien misalaba ya shaba iliwekwa makaburini. Mwanzoni ilikuwa mikubwa na michache, baadaye ikawa midogo, mingi, na ya vipimo vinavyofanana, ndiyo maana wataalamu wanaona ilikuwa imegeuka feza. Watu wa bonde walilipa na nini? Samaki haziachi alama kaburini kwa mununuzi wa mbali, lakini ni vigumu kufikiri bidhaa nyingine iliyokuwa nyingi kwao na haba kwa watu wa juu.

Kuko wanahistoria waliosema kwamba utawala ulizaliwa na kazi ya maji: kufungua mifereji kati ya mafunjo, kujenga matuta ya kuzuia maji, kugawana fasi za kuvulia. Kazi hizo haziwezekani na familia moja, kwa hiyo zilihitaji mukubwa. Mimi naona wazo hili lina nguvu, lakini tusilibebe kupita kipimo. Yaliyotoka makaburini yanaonyesha vizuri biashara, chuma na tofauti ya cheo. Matuta na mifereji havionekani wazi namna ile. Tena kitovu cha ufalme mukubwa wa baadaye hakikuwa majini, kilikuwa upande wa kaskazini, kwenye inchi ya juu. Ninachoweza kusema bila kuogopa ni hiki: pale watu wengi wanaposhurutishwa kukaa pamoja kwenye ardhi nyembamba, wenye chakula cha kutosha na kitu cha kuuza, lazima wapatikane wa kuamua magomvi. Bwawa halikuumba wafalme. Lakini liliwaandalia watu wa kutawaliwa na sababu ya kutawaliwa.

6. Bonde leo

Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na tangu pale samaki wa bonde wanapanda treni kwenda miji ya migodi. Mwaka 1939 iliundwa parke ya taifa ya Upemba, inayogusa sehemu ya maziwa. Lakini hatari mbili zinanisumbua.

Ya kwanza inatoka juu. Lufira na Lualaba zinapita katika inchi ya migodi mbele ya kufika bondeni. Tulisema kwamba tope laini ndilo linalosafiri mbali na kutulia kwenye maji yaliyosimama. Sasa chembe za mufinyanzi zinashika madini sawa nguo inavyoshika rangi. Katika bonde la juu la Lufira, upande wa ziwa Tshangalele, watafiti walikwisha kupima shaba, kobalti na metali zingine katika udongo, mimea na samaki. Udongo uliotunza chungu cha mutoto kwa miaka elfu moja utatunza na uchafu wetu vilevile. Bwawa halichagui cha kuweka.

Ya pili inatoka kwetu wenyewe. Wengi wanaona bwawa sawa fasi ya bure: tulikaushe, tulime, tujenge. Kukausha si dhambi, lakini tope jeusi likikosa maji linashuka, linapasuka, linaweza kuungua, na fasi zingine linageuka kuwa kali mpaka mimea inakataa. Na mutu anayechimba musingi juu ya mugongo anaweza kukuta vyungu. Akivivunja au akiviuza kwa bei ya chupa mbili za bia, ameuza ukurasa ambao hakuna mutu mwingine atakayeusoma.

Kwa kumalizia

Nawaomba walimu wenzangu jambo rahisi. Siku ya somo la udongo, tusibaki kwenye tablo. Tuchukue wanafunzi pembeni ya mto wowote, tuchimbe shimo la kufika kwenye kiwiko cha mukono. Waangalie rangi: mwekundu, majivu, madoa ya machungwa. Wanuse. Wangoje waone kama maji yanapanda. Kisha tuwaambie kwamba watu wa Sanga walisoma alama hizo zamani, na kwamba kosa moja la kusoma lilikuwa nyumba ndani ya maji.

Na kwa yule mutoto aliyeniuliza, ambaye leo ni mutu muzima: hapana, wazee wako hawakukosa fasi ya kukauka. Inchi kavu ilikuwa kubwa pande zote. Walichagua tope kwa sababu lilikuwa na samaki, lilikuwa na rutuba inayorudi kila mwaka, na lilikuwa na migongo myembamba ambapo mutu angeweza kulala karibu na wafu wake. Kitabu kilisema ukweli kwamba udongo ule ni muzito na unakosa pumzi. Kilichokosa ni kusema kwamba wazee walijua, na walikaa.